Kiapo cha Kinyozi

Wiki ile kinyozi alifanya kosa moja tu, lakini lilimtosha: alimkabidhi mtu samansi ya mahakama akiwa usingizini. Aliyekuwa usingizini ni mpokeaji, si kinyozi, ingawa mkewe angekwambia kwamba hata hilo halina uhakika.

Ilikuwa Jumatano saa nane mchana, ile saa ambayo jua limesimama juu ya mabati na hata nzi wanatembea kwa miguu. Feni ilizunguka kivivu. Kinyozi alikuwa amejikalia kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, anatazama kioo bila kujiona, akili yake imekwenda zake mbali kama ilivyozoea. Mara mlango ukatia kiza, akaingia mteja. Kinyozi alipogeuka, moyo ukampiga paa. Alikuwa Daktari.

Daktari hakutibu watu. Alitengeneza vyerehani, na mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu mashine iliyoingia kwake imebebwa kama maiti ilitoka inaimba. Sasa miezi mitano alikuwa amekaa na cherehani cha mke wa kinyozi, kile cheusi cha kuzungusha kwa mkono, chenye maua ya rangi ya dhahabu yaliyofifia, alichoachiwa na marehemu mama yake. Kilipelekwa kwa sababu ya kukwama kidogo tu. Kila mke alipokifuata, aliambiwa njoo kesho. Kesho ikazaa kesho kutwa, kesho kutwa ikazaa mtondo, mpaka mke, fundi cherehani wa watu, akawa anaomba kushonea kwenye mashine ya fundi mwenzake, saa ile mwenzake anapokwenda kula. Malipo yake ni kumfagilia kibaraza. Mwanamke aliyewafundisha wasichana sita kushona anafagia kibaraza cha mtu, halafu anaambiwa, "Pale pembeni hujafika, mwenzangu."

Siku alipoambiwa hivyo ndipo alipokwenda mahakama ya madai madogo. Karani alimpa samansi na masharti yake: mdai haruhusiwi kuipeleka mwenyewe. Ipelekwe na mtu mzima asiye mdai wala mdaiwa, aikabidhi mkononi, kisha aje ajaze fomu na kuapa namna alivyoikabidhi.

"Mume anafaa?" mke aliuliza.

"Mume si mdai. Mradi awe na akili zake timamu."

Mke aliikunja samansi mara mbili. "Anafaa," akasema.

Mara tatu kinyozi alikwenda karakana ya Daktari, mara tatu akaambiwa na majirani ametoka sasa hivi, hata kikombe chake bado cha moto. Na leo huyu hapa, kaja kwa miguu yake, ndevu zimeota mvi na vumbi.

"Habari za mchana, shemeji," alisema Daktari. Alimwita shemeji kwa kuwa mke wa kinyozi alimwita dada yake. "Ninyoe, nionekane mtu."

Akakaa. Kinyozi akamfunika shuka, akakamua taulo la moto, akamwekea usoni. Samansi ilikuwa kwenye droo, chini ya kopo la poda. Neno lilikuwa moja tu la kusema, lakini lilikwama. Mtu amekuja kwako, kakuachia shingo yake wazi chini ya wembe, utaanzaje kumwambia unampeleka mahakamani? Alinyoa shavu la kulia. Alinyoa la kushoto. Mvuke ulipanda, feni ikanong'ona, na alipofika kidevuni Daktari alikuwa anakoroma taratibu.

Basi kinyozi akafungua droo. Akainua ncha ya shuka, akaukuta mkono wa Daktari umelegea juu ya paja, kiganja juu. Akaiweka samansi pale. Vidole vikajikunja vyenyewe, vikaishika, kama vya mtoto mchanga ukimpa kidole chako. Kinyozi akashusha pumzi. Alikwenda uani kuchota maji ya kumwoshea, akasimama kwenye bomba akitazama povu la sabuni linavyozunguka na kupotea, akasimama tena kidogo. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Shuka limekunjwa vizuri. Hela ya kunyoa iko kwenye droo iliyobaki wazi, chini ya kopo la poda. Samansi haipo. Na mlango umeachwa wazi, feni inapuliza kuelekea barabarani.

*

Jioni ile, kabla jua halijazama, mke alitandika fomu juu ya meza. Mama yake kinyozi alikaa kwenye kigoda pembeni, akifumua mishono ya nguo kuukuu kwa kiwembe, maana vitambaa vyake vilitumika tena.

"Haya," alisema mke, kalamu mkononi. "Tarehe. Saa. Mahali, saluni. Aliyekabidhiwa, yeye mwenyewe. Ulimtambuaje?"

"Namjua."

"'Anafahamika kwangu.' Sasa hapa. 'Alipokea, au alikataa kupokea.'"

"Alishika."

"Alisema nini?"

"Hakusema."

"Alikuangalia vipi? Kwa hasira?"

Kinyozi alikuna shingo. Mke akaweka kalamu chini, polepole. Miaka kumi na minne ya ndoa, alikuwa anaijua ile kuna-shingo kuliko anavyoijua sala yake.

"Baba watoto. Niambie."

Akamwambia. Alipofika kwenye habari ya mkoromo, mama yake alicheka mpaka kiwembe kikamponyoka. "Ndiyo maana wahenga walisema aliyelala usimwamshe! Lo, mwanangu! Huyu tangu mdogo, mkwe wangu. Nilimtuma chumvi akarudi na salamu."

"Mama, tafadhali, si la kucheka hili." Mke aliigonga fomu kwa kidole. "Ijumaa saa sita mchana fomu hii isipokuwa dirishani kwa karani, kesi inafutwa. Nianze upya, ada upya, foleni ya miezi mitatu. Miezi mitatu mingine ya kufagia kibaraza cha yule mwanamke!"

"Nitamtafuta tena kesho."

"Umemtafuta mara tatu." Alichukua kalamu, akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake ulionyooka: *Alipokea kwa mkono wake mwenyewe.* "Mkono ulikuwa wa nani, wa jirani? Ulikuwa wake. Basi."

"Lakini wanasema niape."

"Utaapa. Ulipoapa kunitunza ulikuwa umeyafikiria yote?"

Mama wa kinyozi hapo hakucheka tena. Aliinamia mishono yake.

Mke akasema kwa upole, na upole wake ulimchoma zaidi, "Watu wakiniuliza mume wako vipi, nakutetea. Nasema ana ndoto zake, lakini ana roho safi. Kila mwaka nakutetea. Safari hii nataka nitetewe mimi. Mara moja tu."

Kinyozi akasema sawa, ataapa. Alhamisi aliipoteza kwenye mlango wa karakana ya Daktari, umefungwa kufuli, akasoma namba za kufuli mpaka akazijua kwa moyo.

*

Ijumaa asubuhi masjala ya mahakama ilijaa watu na ilinuka karatasi za zamani. Kwenye mabenchi walikaa wenye kudaiwa kodi, wenye kudai mbuzi, mzee mmoja aliyekumbatia betri ya gari kama mjukuu. Mwanga uliingia kupitia vioo vichafu ukawa wa manjano, na kwa kinyozi wote wale walionekana kama watu walio ndani ya chupa ya asali, wanasogea kidogo kidogo kuelekea dirisha namba tatu.

Karani wa dirisha namba tatu alikuwa mama mnene, miwani imefungwa kamba shingoni. Aliitazama fomu dakika nzima.

"Wino mwekundu."

"Ndio uliokuwepo nyumbani," alisema mke. "Kalamu ya kuwekea alama kwenye kitambaa."

"Mahakama haijashonwa. Wino wa bluu. Nakala mbili. Rudini nyuma."

Wakarudi nyuma ya foleni. Mke akajaza upya kwa kalamu ya kuazima, akiwa ameegemeza karatasi mgongoni mwa mumewe, na kinyozi akawa anasikia kila herufi inavyopita kwenye mbavu zake: *a-li-po-ke-a*. Wakatoa nakala kwa mtu wa mashine ya fotokopi pale nje, aliyetaka bei ya mara mbili kwa kuwa anajua hawana pa kwenda. Walipofika dirishani tena ilikuwa saa nne na nusu.

"Hii sasa ina sura," alisema karani. "Anayeapa ni nani? Inua mkono wa kulia, baba. Unaapa kwamba yaliyoandikwa humu ni kweli tupu, na unajua kiapo cha uongo kina kifungo?"

Kinyozi aliinua mkono. Alitazama kiganja chake, na badala ya chake akaona kile kingine, kimelala juu ya paja, kinajikunja bila kujua kimeshika nini. Kama Daktari hakuijua samansi ile, kama upepo uliinyakua ikaenda mtaroni, basi mtu atahukumiwa siku ambayo hata hajui ipo. Mke alimgusa kiwiko. Kinyozi alitaka kusema naapa. Alilitaka kabisa neno hilo, kwa ajili ya yule aliyesimama pembeni yake.

"Alikuwa amelala," akasema.

"Nani?"

"Mdaiwa. Nilimpa akiwa amelala. Nilikuwa namnyoa."

Karani alivua miwani. "Jamani, sikilizeni haya," aliwaambia wenzake wa ndani, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mabenchi. "Mwenzetu amempelekea mtu samansi ndotoni!" Masjala nzima ikaangua kicheko. Yule mzee wa betri alicheka akapaliwa. Kinyozi alisimama pale mkono juu, kasahau kuushusha.

Karani alipomaliza kucheka akafuta macho. "Baba, aliyelala hapokei. Umefanya vizuri kusema, ungeniletea balaa. Chukua nakala hii ya samansi. Nenda kampe macho yake yakiwa wazi, atie sahihi hapa, au akikataa uandike amekataa. Saa sita nafunga dirisha, na mimi saa sita yangu ni saa sita."

Kinyozi alimgeukia mkewe. Alitegemea matusi, na angeyapokea. Mke alikwenda kusimama nyuma ya foleni, mara ya tatu, ili amshikie nafasi, na hakumtazama.

*

Kufuli halikuwepo mlangoni. Ndani ya karakana vyerehani vilipangwa mpaka darini, vingine havina kichwa, vingine havina gurudumu, na vumbi lilielea kwenye mwanga wa tundu la bati. Harufu ya mafuta ya mashine ilimfanya kinyozi ahisi kama ameingia kwenye usingizi wa mtu mwingine. Daktari alikuwa kwenye benchi lake la kazi. Mbele yake, ile samansi ya Jumatano, imenyooshwa vizuri kwa kiganja.

"Nilijua utakuja, shemeji," alisema. "Karibu."

"Basi uliipata."

"Niliipata." Daktari aliinamisha kichwa. "Sikulala siku ile."

"Ulikoroma!"

"Mtu mzima hashindwi kukoroma. Nilikuja kukwambia. Nilijiapiza, leo nakaa kwenye kile kiti namwambia shemeji kila kitu, yeye atajua namna ya kumwambia dada. Uliponifunika taulo, nikafumba macho, nikaona heri nibaki humo humo. Ulipoweka karatasi mkononi nikajua ni nini. Nikashukuru hukuniamsha."

"Kuniambia nini?"

Daktari alisimama, akavuta gunia lililokuwa pembeni. Cherehani kilikuwa chini yake. Maua ya dhahabu yalikuwa yamesafishwa, gurudumu linang'aa, na shingo ya chuma imekatika katikati, vipande viwili vimefungwa pamoja kwa kitambaa safi, vizuri, kwa mikono iliyojua kufunga.

"Kiliniponyoka. Nilikuwa nakitoa mezani, kikaniponyoka. Chuma cha namna hii hakikubali kuchomelewa. Nimejaribu. Nimekwenda kwa watu." Alikuwa akinong'ona. "Mimi wananiita Daktari, shemeji. Ningesemaje?"

Kinyozi alipiga goti. Aligusa pale palipokatika.

"Andika hukunikuta," alisema Daktari haraka. "Nipe mwezi mmoja. Iko mashine nyingine, sura yake hii hii, namjua mwenye nayo. Nitainunua kwa hela yangu, nitaipaka, nitachora maua kama haya. Dada hatajua. Atafurahi. Si ndiyo tunayoitaka wote wawili?"

Na kinyozi, asikufiche mtu, aliiona. Aliona mkewe kibarazani kwao, si cha mtu, gurudumu linazunguka, anaimba, na yeye kwenye kizingiti anamtazama. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kuota mchana, na ilitaka kitu kidogo tu, anyamaze. Alikaa nayo pale chini, sijui dakika ngapi.

"Anakijua mpaka mlio wake," akasema mwisho. "Angekaa siku moja akajua. Halafu angejua na mimi nilijua." Akasimama, akapangusa magoti. "Fundi, sina ujanja. Samansi hii hapa. Unaniona? Macho yako wazi?"

"Yako wazi."

"Soma kwanza."

Daktari akasoma, midomo inacheza. Akaomba kalamu. Alitia sahihi pale palipoandikwa mpokeaji, akaandika na saa, saa tano na dakika ishirini, herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa shule.

*

Dirisha lilikuwa bado wazi. Mke alikuwa wa pili kwenye foleni, na alipomwona mumewe anaingia anahema, jasho limelowesha kola, aliitazama karatasi kabla ya kumtazama yeye. Akaiona sahihi. Alijiziba mdomo kwa mkono.

Kinyozi aliinua mkono wa kulia, akaapa bila kusitasita: alimkuta mdaiwa karakanani kwake akiwa macho, akasoma, akapokea, akatia sahihi. Karani akagonga mhuri mara mbili. "Jumanne saa tatu, mbele ya hakimu. Na wewe, baba, siku nyingine mteja akilala, mnyoe tu."

Kule nje kwenye ngazi mke alimshika mkono, hadharani, jambo asilolifanya tangu walipokuwa wachumba. Alikuwa anacheka. "Nilikukasirikia, nikasema leo narudi kwa dada yangu. Kumbe! Sasa wacha anilipe kwa kunirudishia. Karani alinibembeleza niandike thamani, nikamkatalia. Cha mama hakina bei, nataka chenyewe." Alimtikisa mkono. "Umekiona? Kipo? Kimetoka kutu?"

Kinyozi alisimama kwenye ngazi ya tatu. Watu waliwapita wakipanda na kushuka. Kama angekuna shingo mkewe angejua mara moja, kwa hiyo aliiacha mikono yake chini.

"Nimekiona, mke wangu. Kimevunjika shingo. Hakitengenezeki."

Mke hakuuliza mara mbili. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. "Nipeleke," akasema.

*

Daktari alipowaona mlangoni alisimama akavua kofia. Mke alimpita. Alikwenda moja kwa moja kwenye gunia, akalifunua, akapitisha vidole kwenye maua, kwenye gurudumu, mpaka kwenye kile kitambaa kilichofungwa shingoni.

"Kiliumia lini?"

"Siku ile ile uliyokileta, dada. Ulikuwa hujafika hata kwako."

"Siku ile ile."

"Nitalipa, dada. Nakuapia..."

"Utalipa. Jumanne, mbele ya hakimu, na nitakwambia thamani yake mpaka ushangae." Sauti yake haikupanda. "Lakini ungeniambia siku ile, ningelia siku ile, nikamaliza. Wewe umenibebesha miezi mitano. Kila nikija unaniambia kesho, na mimi najipaka poda nakuja kesho, kama anayekwenda kumwona mgonjwa hospitali. Kumbe naenda kaburini na hakuna aliyeniambia."

Daktari alilia bila sauti, mtu mzima, kofia kifuani. Mke akamwambia mumewe ashike upande wa pili. Kinyozi akataka kubeba peke yake, akakataliwa. Wakakiinua, mmoja huku mmoja kule, wakatoka nacho juani.

Njiani watu wa mtaani, waliojua habari ya kesi, walifurahi kweli kweli. Muuza mkaa alipiga makofi. "Hongera, fundi! Mmekipata!" Mwanamke wa genge la mboga akapiga vigelegele, akasema haki haipotei. Mke aliwajibu wote asante, asante sana, tumekipata, kichwa amekiinua, na kinyozi aliyekuwa mbele hakuthubutu kugeuka. Walipopita genge na nyumba ya mwisho, mahali ambapo barabara haina mtu, akasikia upande wa nyuma unashuka.

"Tupumzike kidogo," alisema mke. "Mikono imechoka."

Wakakiweka chini pembeni mwa barabara. Mke akachutama karibu nacho, akaufunika uso kwa upindo wa khanga, akamlilia mama yake. Kinyozi alikwenda kusimama upande wa barabarani, akashika shati lake huku na huku akalipanua kama pazia, ili anayepita asimwone mke akilia. Akasimama hivyo mpaka mkewe alipomaliza.